Droo ya Tano

Ilikuwa mwaka wa thelathini wa Heisei. La, nimekosea. Thelathini ndio ule wa theluji nyingi, ule ambao paa la ghala la miso, ile rojo ya soya, pale Yokote lilibonyea. Hii ilikuwa thelathini na moja, mwaka mfupi kuliko yote ya enzi ile, uliozaliwa Januari ukafa mwisho wa Aprili, kwa sababu mfalme alichoka akaamua kumwachia mwanawe kiti angali hai. Watu walilala Heisei wakaamka Reiwa, mwaka wa kwanza. Kwenye kalenda za benki ulikuwa 2019 tu, mwaka uleule. Lakini kwenye kibali cha daktari, kwenye leseni ya udereva na kwenye jiwe la kaburi, miaka huandikwa kwa enzi ya mfalme, na ndiyo maana naweza kukosea namna hii na bado mtu akanielewa.

Kuramochi Setsuo hakuweza kukosea. Tarehe ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, nywele akikatwa na mkewe Fumie kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba. Alitunza mfumo wa kompyuta wa kampuni moja inayopeleka oksijeni majumbani, kwa watu ambao mapafu yao yamechoka. Kila mgonjwa ana tangi lake karibu na kitanda, na mpira mwembamba unaoingia puani. Tangi likikaribia kwisha, gari huja na jingine. Mfumo ndio uliojua nani yuko wapi, kibali cha daktari wake kinaanza lini upya, tangi lake libadilishwe lini, na gari lipi lipite mtaa upi. Kila alfajiri ulitoa karatasi ya majina, madereva wakaichukua wakaenda. Jina likiwemo, tangi linafika. Hapakuwa na zaidi ya hapo, wala hapakuwa na kidogo.

Mfumo huo aliuchora yeye mwenyewe akiwa kijana. Siku zile wenzake walitengeneza programu kama watu wanaojenga nyumba ya mawe: ukitaka kuongeza dirisha, vunja ukuta. Kuramochi aliona ofisi haikai mahali pamoja. Leo sheria hii, kesho ile. Daktari anahama, daraja linafungwa. Akautengeneza mfumo wake kama kabati kubwa la droo. Kila jambo linaloweza kubadilika alilipa droo yake, ili siku likibadilika unavuta droo, unatoa kilichomo, unaweka kingine, unaisukuma. Kabati halijui hata kama umelishika.

Enzi za wafalme nazo alizipa droo. Meiji ya kwanza, Taisho ya pili, Showa ya tatu. Kila tarehe ndani ya mfumo ilitanguliwa na namba ya droo, na mashine ikajua ni mwaka wa mfalme gani. Halafu akaacha droo mbili tupu, ya nne na ya tano, na kwenye kitabu cha maelezo ya mfumo akaandika mstari mmoja kusema ni za nini.

Mkuu wake wakati huo aliitwa Wakisaka. Mtu mrefu, mvutaji sigara wa kutisha, aliyesoma kila ukurasa akiwa na penseli nyekundu. Ulikuwa msimu wa majani kudondoka, mwaka wa sitini na tatu wa Showa, 1988 kwa kalenda za benki, na mfalme wa wakati ule alikuwa kitandani. Televisheni ya ofisini ilikuwa wazi kutwa, inasoma homa yake na damu aliyoongezewa. Sherehe za mavuno zilifutwa. Hata muuza tambi wa mbele ya stesheni aliishusha taa yake nyekundu, maana nyekundu ni furaha, na nani angethubutu kufurahi.

Wakisaka akamwita. Penseli imesimama juu ya mstari.

"Hii nini?"

"Droo za enzi zijazo, Mkuu. Nimeziacha wazi."

"Ya nne ni ya nani?"

Kuramochi akaitazama televisheni.

"Nakuuliza wewe. Ya nne ni ya nani?"

"Ya... huyo atakayefuata, Mkuu."

"Mtu yuko kitandani, anahesabiwa mapigo ya moyo kwenye televisheni, na wewe huku unamchongea jeneza! Na hii ya tano? Huyo mwana hata kiti hajakalia, umeshamzika na yeye? Watu wawili kwa mstari mmoja, kijana. Hata vita haina haraka hivyo."

Watu wa meza za jirani wakacheka kwa pua, kimyakimya, kwa sababu na kucheka kulikuwa kumekatazwa nusu.

"Basi nizitoe, Mkuu?"

Wakisaka alivuta moshi, akautoa pembeni ili usimpate kijana usoni. "Nimesema uzitoe? Ziache. Usiziandike." Na penseli nyekundu ikapita juu ya ule mstari, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndivyo mambo ya adabu yalivyofanywa. Jambo lipo, jina halipo.

Januari mfalme akafariki. Ofisi za nchi nzima zikahangaika, watu wakalala chini ya meza, programu zikavunjwa kuta. Kuramochi alivuta droo ya nne, akaandika Heisei, akaisukuma, akarudi nyumbani kula mochi, keki za mchele zilizobaki za mwaka mpya. Wakisaka alimwekea chupa ya sake, pombe ya mchele, mezani. Kuanzia hapo ile hadithi ikawa yake. Ikasimuliwa kwa kila mfanyakazi mpya, na yeye mwenyewe akizidiwa kidogo na kinywaji aliisimulia tena, akionyesha kwa kidole jinsi droo inavyosukumwa.

Sasa ikapita miaka mingi. Mashine zilibadilishwa, kabati likahamishwa kutoka chuma hadi chuma. Wakisaka akastaafu, na zile sigara zikamrudisha kwenye kampuni kwa mlango mwingine: akawa mgonjwa wao, na tangi lake karibu na kitanda. Upande wa mfumo unaopanga magari ulitolewa kwa kampuni moja ya mji wa Sendai. Wale wa Sendai wakawapa wenzao wadogo, na wale wadogo wakawapa wadogo zaidi, kama uji unaomiminwa bakuli hadi bakuli ili upoe. Kuramochi akabaki na upande wa wagonjwa na tarehe zao. Upande wa magari aliweza kuusoma, lakini kuugusa hakuruhusiwa.

Jina la Reiwa lilipotangazwa, mwanzoni mwa Aprili, ulibaki mwezi mmoja. Kuramochi alivuta droo ya tano mbele ya wenzake, akaandika, akaisukuma, na watu wakapiga makofi. Pia aliupangia mfumo jambo moja la kujivunia: vibali vya Mei vilivyokwisha kuandikwa kwa tarehe za Heisei, mashine yenyewe ingevigeuza kuwa Reiwa alfajiri ya siku ya kwanza, bila mtu kunyanyua mkono.

Aliyefanya majaribio alikuwa Dada Nagumo, mwanamke makini wa miaka kama thelathini na tano, anayekula chakula cha mchana huku akisoma. Majaribio kwao yalikuwa hivi: unafungua skrini, unaandika, unaipiga picha, unaibandika kwenye faili, skrini inayofuata, picha, bandika. Faili likijaa linachapishwa na kugongwa mihuri. Mhuri wa mdogo huinamishwa kidogo kuelekea mhuri wa mkubwa wake, kama unamwinamia. Faili la Reiwa lilikuwa nene, na mihuri yote iliinama vizuri.

"Mzee Kuramochi, picha zote ziko sawa," Nagumo alisema. "Hata kwenye kibali cha daktari, Reiwa inatoka safi."

"Si nilikwambia? Ile droo ipo wewe hujazaliwa."

"Nilishazaliwa, Mzee. Nilikuwa chekechea."

"Haya, wewe bado unajikojolea."

Nagumo akacheka, kisha akageuza kurasa kidogo. "Na upande wa magari je? Hatuwezi kujaribu hata mara moja, tuone majina yanatoka?"

"Upande wa magari ni wa Sendai."

"Najua. Nilisema labda tukiwaomba..."

"Ukiwaomba wataleta makadirio, meneja, Bwana Tazawa, agonge mhuri, wao nao wagonge, sikukuu zitakuwa zimepita. Na wao tarehe wanaipokea kwetu, Dada. Ikiwa kwetu ni sahihi, kwao itaharibikaje?"

Nagumo akainamisha kichwa, akafunga faili. Kwa kweli aliuliza vizuri, na alijibiwa kwa upole, na wote wawili walikwenda nyumbani wameridhika.

Mwaka ule sikukuu ziliunganishwa zikawa ndefu ajabu, hazijawahi kuonekana. Viwanda kimya, ofisi kimya, treni zimejaa watu na watoto na maboksi ya zawadi. Kule kaskazini miti ya sakura huchelewa kuchanua, kwa hiyo enzi mpya ilikuta maua yamefunguka. Kuramochi na Fumie walikwenda bustani ya ngome, wakatandika turubai lao la buluu. Fumie alikuwa amekata figili ya kukaushwa kwa moshi, ile ngumu ya kwao Akita inayolia mdomoni, na upepo ulikuwa unaangusha petali ndani ya vikombe.

Akapita Oikawa, dereva wa kampuni, na sare yake, mkononi ana kijiti cha madonge ya mchele.

"Shikamoo, Mzee Kuramochi! Mama, shikamoo! Heri ya enzi mpya!"

"Marahaba. Uko kazini, Oikawa, au unazurura na gari la watu?"

"Kazi nimemaliza."

"Saa hizi?"

"Gari jepesi, Mzee. Tangu enzi ianze, jepesi kama tumbo langu. Juzi majina yamepungua, jana yamepungua, leo ndiyo kabisa. Wagonjwa wamepona kwa furaha!"

Fumie akacheka. Kuramochi naye alikuwa ameshaanza kucheka, kipande cha figili kikiwa shavuni.

"Nani hayumo?"

"Nitajuaje, Mzee? Mimi nasoma aliyemo. Asiyekuwemo hana jina." Oikawa akang'ata donge. "Labda wamekwenda kwa watoto wao. Maana wangekuwa wamefariki, familia ingetuita tukachukue tangi. Mtu akifa, tangi hurudi. Hakuna aliyeita."

Kuramochi aliacha kutafuna. Alisimama, akavaa viatu bila kufunga kamba.

"Baba Mio," Fumie alisema, "hata kikombe hujamaliza."

Alikuwa anakwenda mbio kati ya maturubai ya watu, akiomba radhi kulia na kushoto, na watu waliokuwa wakiimba walimpungia mikono.

Nagumo, ambaye Kuramochi alimpigia simu njiani, alimkuta ofisini, naye amekuja na kofia ya matembezi. Wakafungua upande wa magari, wakausoma pamoja, mstari kwa mstari, programu ya mtu wasiyemjua. Haikuchukua muda. Miaka mingi nyuma, mtu mmoja wa bakuli la chini kabisa, katika wale wadogo zaidi, alihitaji alama ya wateja waliokoma: waliofariki, waliohama, waliolazwa moja kwa moja. Akatafuta namba, akaikuta ya tano haina kitu. Akafungua kitabu cha maelezo, nacho hakikusema neno. Basi akaitumia. Pembeni aliandika kwa uaminifu kabisa: *Namba hii haitumiwi na yeyote.*

Kwa hiyo kwa upande wa magari, droo ya tano maana yake ni marehemu.

Alfajiri ile ya Mei mosi mashine ya Kuramochi ilivigeuza vibali kuwa Reiwa, kama alivyoipangia. Na kila alfajiri, upande wa magari uliwafagia wote wa droo ya tano ambao kibali chao kilikuwa kimeanza, ukafuta tarehe zao hata upande wa wagonjwa, ukawaweka kwenye chumba cha waliokoma, katikati ya marehemu wa miaka yote. Haukulalamika, wala haukuwasha taa nyekundu. Ulifanya kazi yake vizuri.

"Ni picha zangu," Nagumo alisema. "Sikuwahi kupiga picha ya karatasi ya magari."

"Mimi ndiye niliyekukataza."

Kuramochi akampigia simu Tazawa, meneja, aliyekuwa ufukweni Okinawa na watoto. Nyuma ya sauti yake kulisikika maji na vicheko.

"Bwana Kuramochi, nakuomba, nakuomba sana, usiguse upande wa magari. Si wetu. Ukiharibika mikononi mwako, nani atagonga mhuri?"

"Kuna watu watakosa pumzi, Bwana Tazawa."

"Ndiyo nasema tufuate utaratibu! Wapigie Sendai."

"Sendai simu inapokewa na kanda, inasema heri ya sikukuu."

Mtoto alikuwa anamwita baba, baba, njoo uone. Kisha Tazawa akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha, "Wapigie wagonjwa. Simu haihitaji mhuri."

Upande wake mwenyewe Kuramochi alihamisha Reiwa kutoka droo ya tano kwenda ya sita. Mstari mmoja tu. Kabati lilivutika na kusukumika kwa ulaini uleule wa ujana wake, na kuanzia hapo hakuna aliye hai ambaye angefagiwa tena. Lakini waliokwisha fagiwa hawakurudi. Nakala ya tarehe zao ilikuwa Sendai, nyuma ya ile kanda. Kwenye skrini yalibaki majina na namba za simu tu, kurasa na kurasa, wazima wamelala kati ya wafu, na hapakuwa na alama ya kuwatofautisha.

Wakaanza kupiga simu. Nagumo mwisho huu wa majina, Kuramochi mwisho ule, na Oikawa, aliyeitwa kutoka bustanini, amesimama mlangoni, injini inanguruma, anangoja kutajiwa nyumba.

Jambo la kwanza alilofanya Kuramochi ni kumpigia Wakisaka. Simu ililia, ikalia, haikupokelewa. Akakumbuka kwamba mzee alisema sikukuu hizi atakwenda Tokyo kwa mwanawe, na kampuni ya huko ingempa tangi. Akashusha pumzi, akaenda kwa jina linalofuata.

Mtu ataanzaje simu kama ile? Huwezi kuuliza mgonjwa yu hali gani, kwa sababu huenda ni marehemu. Huwezi kutoa pole, kwa sababu huenda yu hai, na ndiye aliyepokea.

"Samahani sana kuwasumbua sikukuu," Kuramochi alisema. "Ni kampuni ya oksijeni. Ningependa kujua... mzee wa nyumba..."

"Mume wangu?" Sauti ya mwanamke, ya taratibu. "Mume wangu alifariki zamani, baba. Miaka sasa. Lakini nashukuru kwa kumkumbuka. Siku hizi hakuna anayempigia."

Kuramochi aliinama mbele ya simu, paji la uso karibu liguse meza.

Nyumba nyingine: "Yupo hapa, anatazama televisheni. Kwani nyie mlitaka afe? Tangi limekuwa jepesi, tukasema watakuja kesho, watu wako sikukuu."

"Gari linakuja sasa hivi, Mama. Sasa hivi. Mpunguzieni kazi, asitembee."

"Oikawa!" Kuramochi aliita, na Oikawa alikuwa ameshaondoka.

Nyumba nyingine walimtukana. Nyingine mtoto mdogo alipokea, akasema babu yuko ndani ya picha, na Kuramochi hakujua alie au ashukuru. Kwa kila aliyeonekana hai ilikuwa hadithi ileile: hakuna hata mmoja aliyepiga simu kulalamika. Waliona mshale wa tangi umeshuka, wakaona ni sikukuu ya mfalme mpya, wakaona aibu kumwita mtu kutoka kwenye maua yake. Walipunguza koki, wakaketi kimya.

Mchana ulikuwa umeegemea upande wa pili wa dirisha Nagumo aliposema, "Mzee. Hapa kuna Wakisaka."

"Yuko Tokyo."

"Nimempigia mwanawe, kwa uhakika tu." Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Anasema hakwenda. Alisema treni zitajaa, na tangi lake litachukua nafasi ya watu."

Nagumo ndiye aliyeendesha. Kuramochi alikaa amepakata mtungi mdogo wa dharura kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Barabara ilikuwa na foleni ya watu wanaorudi bustanini, madirisha wazi, muziki, mabaki ya petali kwenye vioo vya magari, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kosa.

"Piga honi," Kuramochi alisema. Nagumo hakuwahi kumpigia mtu honi maishani mwake. Alipiga.

Nyumba ya Wakisaka iko pembeni ya mashamba ya tufaha. Mlango haukufungwa. Kuramochi aliingia moja kwa moja mpaka kwenye mikeka, na pale akamkuta mzee ameegemea meza fupi yenye kipasha joto chini yake, ambayo hata haikuwa imeondolewa tangu baridi, blanketi magotini, mpira puani, midomo yake rangi ya zambarau. Simu ilikuwa ukutani, upande wa pili wa chumba. Tangi lilikuwa kimya.

Macho ya mzee yalishuka taratibu mpaka miguuni kwa mgeni wake.

"Viatu," alisema.

Kuramochi alivivua palepale huku Nagumo akifungua koki na kubadilisha mpira. Hewa ikaanza kupiga kelele yake ndogo. Wakangoja. Kifua cha mzee kilipanda, kikakaa, kikashuka. Nagumo alitoka nje kuita gari la wagonjwa.

"Mkuu, kwa nini hukupiga simu?"

"Sikukuu," Wakisaka alisema. Kila neno alilinunua peke yake. "Watu... wanapumzika."

"Hata siku ya kwanza, simu iko hapo tu..."

"Niliona... litakuja. Gari." Akapumzika. "Mfumo wako... haujawahi... kukosa."

Kuramochi alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Alisema ukweli.

"Ni droo ya tano, Mkuu. Waliikuta wazi, wakaiwekea marehemu."

Mzee akanyoosha kidole kimoja juu ya meza, chenye manjano ya sigara mpaka leo, akakipitisha polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mstari ulionyooka, kama mtu mwenye penseli. Alipofika mwisho wa meza mkono wake ukabaki hapo.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Wengine wote waliofagiwa walipatikana, mmoja mmoja, wengine wamelegea, mmoja akalazwa, lakini walipatikana. Wakisaka hakurudi nyumbani. Alifariki msimu wa mvua, maua ya ajisai yakiwa yamejaa uani mwa hospitali. Daktari alisema mapafu kama yale yangeweza kuchoka wakati wowote. Mwanawe alishukuru sana kampuni kwa kumhudumia baba yake miaka yote ile, na Kuramochi alizipokea shukrani hizo ameinama, akashindwa kuinuka mpaka Fumie alipomgusa mgongoni. Siku ileile Oikawa alikwenda kuchukua tangi. Kwenye jiwe waliandika Reiwa, mwaka wa kwanza.

Joto lilipoanza kikaitishwa kikao. Sendai walileta watu wao, nao wakaleta wale wadogo waliowagawia kazi. Wale wa bakuli la chini kabisa hawakuwepo. Kampuni yao ilikwisha kufungwa zamani, na aliyeuandika ule mstari hakuna aliyelijua hata jina lake. Waliokuwepo walisimama kwa safu wakainama, muda mrefu, kwa pamoja, na Tazawa naye akainama kuwarudishia. Waligawa karatasi ya hatua za kuzuia kosa lisijirudie. Ilikuwa na mihuri. Nagumo alikaa mwisho wa meza, hakugusa chai.

Wakamuuliza Kuramochi, kama mbunifu wa mfumo, kama ana neno. Walidhani atakasirika, na wengine nadhani walitaka akasirike, ingekuwa nafuu. Yeye hakuuliza ni nani, wala kwa nini hawakujaribu, maana hilo la kujaribu alikuwa na jibu lake kifuani. Alitazama safu yote ile, sura za vijana wengi wao, waliozaliwa katika droo ya nne, na akauliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Walipolisikia, safu ikainama tena.

"Mlipoikuta ile droo iko wazi, mlidhani imeachwa kwa ajili ya nani?"